Jinsi ya Kufuatilia na Kuelekeza Michakato kwenye Kompyuta Yenye Viini Vingi

Kompyuta ina viini 8 (sehemu za kichakataji ambazo kila moja hufanya kazi kivyake), programu inakwenda kwa kujikokota, na kipimo cha matumizi kinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kichakataji imekaa bure. Hali hii huwachanganya hata watu waliozoea kusimamia kompyuta, kwa sababu huchukulia kwamba viini vyote ni kisima kimoja ambacho kila programu inachota kadiri inavyohitaji. Sivyo ilivyo. Kila kiini kina foleni yake ya kazi zinazosubiri, na ndani ya kerneli, yaani kitovu cha mfumo endeshi, imo sehemu iitwayo kiratibu, ambayo kila mara inajibu maswali mawili: kazi ipi ishike zamu sasa kwenye kiini hiki, na je, ipo kazi inayofaa kuhamishiwa kwenye kiini kingine? Majibu ya maswali hayo huvutana, na karibu matatizo yote yanayoelezwa hapa yanatokana na mvutano huo.

Mwongozo huu unatumia Linux, kwa kuwa maamuzi mengi ya kiratibu chake yanaweza kuonekana kwa amri za kawaida. Kwenye Windows na macOS misingi haiachani sana, ila namba na majina ya zana ni tofauti. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo, na ujizuie kurukia hatua ya mwisho, ambayo ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo inayoharibu zaidi ikitumiwa kabla ya vipimo.

Hatua ya 1: Ijue ramani ya viini

Andika amri hii:

lscpu -e

Kila mstari ni CPU moja kwa lugha ya mfumo endeshi, lakini CPU hiyo si lazima iwe kiini kamili. Tazama safu ya CORE. Ikiwa mistari miwili ina namba moja kwenye safu hiyo, basi hizo ni CPU mbili za kimantiki zinazoishi ndani ya kiini kimoja halisi na kugawana vifaa vyake vya kukokotolea. Kiratibu kinaweza kuzipa kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote mbili zikaonekana zinatumia asilimia 100, ilhali kwa pamoja hazitoi kazi ya viini viwili. Usidhani pia kwamba CPU 0 na CPU 1 ni pacha kwa sababu tu namba zake zinafuatana: kwenye baadhi ya kompyuta pacha wa 0 ni 1, kwenye nyingine ni 4 au 8. Ramani hii ndiyo itakayokuambia.

Tazama pia safu za kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini, na ya NODE, yaani kundi la viini. Viini vinavyogawana kache ya mwisho vinaweza kupokezana kazi kwa gharama ndogo kuliko viini visivyogawana. Kwenye seva kubwa zenye zaidi ya NODE moja, kila NODE ina kumbukumbu iliyo karibu nayo, na kazi ikihamishiwa upande wa pili huku data zake zikibaki upande wa kwanza, kila data isiyokuwamo kwenye kache itafuatwa mbali. Kiratibu cha Linux kinaifahamu ramani hii na hupanga viini katika ngazi: kwanza pacha wa kiini kimoja, kisha viini vinavyogawana kache, kisha NODE. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo kinavyosita zaidi kuhamisha kazi.

Hatua ya 2: Hesabu nyuzi

Kiratibu hakioni programu. Kinaona nyuzi, yaani mifuatano ya maagizo ndani ya mchakato (programu inayoendeshwa) ambayo kila mmoja unaweza kutekelezwa peke yake. Programu yenye uzi mmoja haiwezi kutumia zaidi ya kiini kimoja kwa wakati mmoja hata ikiwekwa kwenye kompyuta yenye viini 64, na kwenye kompyuta ya viini 8 itaishia kwenye asilimia 12.5 ya uwezo wote. Hilo ndilo jibu la malalamiko mengi kuliko yote, na hakuna mpangilio wa kiratibu unaoweza kulibadilisha.

Orodhesha nyuzi zote pamoja na kiini ambacho kila moja ilitumia mara ya mwisho:

ps -eLo pid,tid,psr,ni,stat,comm

Safu ya pid ni namba ya mchakato, tid ni namba ya uzi, psr ni namba ya CPU, na safu ya stat ni hali ya uzi. Herufi R ina maana kwamba uzi unatekelezwa au uko tayari na unasubiri zamu. Herufi S ni uzi uliolala ukisubiri tukio fulani, kama vile data kutoka kwenye mtandao. Herufi D ni usingizi usiokatizwa, ambao mara nyingi ni kusubiri diski. Kiratibu kinashughulika na wenye R pekee. Waliolala hawamo kwenye foleni yoyote. Katika kompyuta ya kawaida utakuta nyuzi mamia, na karibu zote zimelala, na ndiyo maana viini vichache vinatosha.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la foleni moja

Tumia amri iitwayo yes, ambayo kazi yake ni kuandika herufi moja bila kukoma. Matokeo yake yakielekezwa kwenye /dev/null, ambako kila kinachoandikwa hutupwa, inageuka kuwa mla kiini asiye na madhara. Fungua dirisha moja la amri na uanzishe wawili, wote wakiwa wamefungwa kwenye CPU 0 kwa amri ya taskset:

taskset -c 0 yes > /dev/null &
taskset -c 0 yes > /dev/null &

Fungua top kwenye dirisha jingine. Kila mmoja utapata karibu asilimia 50. (Tumia top badala ya safu ya asilimia ya ps, kwa sababu ps hutoa wastani tangu mchakato ulipozaliwa, na wastani huo huficha mabadiliko ya hivi karibuni.) Sasa ongeza thamani ya nice ya mmoja wao (namba ambayo ikipanda, mgawo wa mchakato hupungua), ukiweka namba ya mchakato huo mahali pa PID:

renice -n 5 -p PID

Mgawanyo utahamia karibu na asilimia 75 kwa 25. Namba hizo zinatoka kwenye jedwali la uzito lililo ndani ya kerneli. Thamani ya nice huanzia -20 hadi 19, na mchakato wenye nice 0 una uzito wa 1,024, huku wenye nice 5 ukiwa na uzito wa 335. Mgawo wa kila mmoja ni uzito wake ukigawanywa kwa jumla ya uzito wa walio kwenye foleni: 1,024 kwa 1,359 ni asilimia 75.3. Ukiweka nice 10, uzito unashuka hadi 110 na mgawo unakuwa takriban asilimia 90 kwa 10. Kumbuka kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kupandisha nice ya mchakato wake, lakini kwa kawaida hawezi kuirudisha chini bila mamlaka ya msimamizi.

Namna kiratibu kinavyofikia mgawo huo imebadilika kwa miaka. Mwaka 2007, Linux 2.6.23 ilileta kiratibu cha Ingo Molnár kiitwacho CFS, ambacho kiliacha kugawa vipande vya muda vilivyopangwa mapema. Badala yake kiliwekea kila uzi saa ya kubuni inayokwenda polepole kwa mwenye uzito mkubwa na kwa kasi kwa mwenye uzito mdogo, kisha kikampa zamu yule ambaye saa yake iko nyuma kuliko wote. Tangu Linux 6.6 ya mwaka 2023 nafasi hiyo imechukuliwa na EEVDF, ambayo kanuni yake ilielezwa na watafiti Stoica na Abdel-Wahab mwaka 1995. Saa ya kubuni imebaki, lakini sasa kila uzi unaostahili zamu una pia muda wa mwisho wa kuhudumiwa, na unaoukaribia zaidi ndio unaotangulia. Faida ni kwamba uzi unaohitaji zamu fupi fupi unaweza kuhudumiwa mapema bila kupewa mgawo mkubwa kuliko haki yake.

Kuna mtego hapa. Tangu Linux 2.6.38, kerneli inaweza kuwakusanya michakato ya dirisha moja la amri katika kundi moja, kisha ikagawa muda kwanza kati ya makundi. Mahali ambapo utaratibu huo umewashwa, nice hufanya kazi ndani ya kundi tu, na mtu anayelinganisha michakato ya madirisha mawili anaweza kuapa kwamba renice imeharibika. Angalia faili /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled. Namba 1 ina maana kwamba umewashwa.

Hatua ya 4: Tazama kazi zikihamishwa

Ondoa wale wawili wa mwanzo, kisha weka michakato mitatu kwenye CPU mbili za viini tofauti kulingana na ramani yako. Hapa nimechukulia 2 na 3:

pkill -x yes
for i in 1 2 3; do taskset -c 2,3 yes > /dev/null & done
watch -n 1 "ps -C yes -o pid,psr,time"

Safu ya time hujumlisha muda ambao mchakato umetumia kichakataji. Baada ya dakika moja viini viwili vina jumla ya sekunde 120 za kugawa, kwa hiyo haki kamili ingekuwa sekunde 40 kwa kila mmoja. Mara nyingi hutaipata kwa usahihi huo. Ndani ya foleni moja kiratibu ni mpimaji makini sana. Kati ya foleni na foleni ni mkadiriaji. Michakato miwili inakaa kwenye foleni moja ikigawana nusu kwa nusu, wa tatu unakula kiini peke yake, kisha baada ya muda mmoja unahamishwa na hali inageuka. Utaona namba za psr zikibadilika.

Kwa nini kisiwe na foleni moja ya wote, ambayo ingemaliza shida hii? Ilikuwapo. Hadi Linux 2.4 viini vyote vilichukua kazi kutoka foleni moja iliyolindwa na kufuli moja, yaani kinga inayoruhusu kiini kimoja tu kuigusa foleni kwa wakati. Kwa viini viwili haikuwa tatizo, lakini kadiri viini vilivyoongezeka ndivyo vilivyozidi kupoteza muda vikigombea kufuli hilo. Linux 2.6, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2003, ikakipa kila kiini foleni yake, na tangu hapo kusawazisha mzigo kumekuwa kazi ya pembeni inayofanyika nyakati maalumu. Kiini kinachokaribia kukosa kazi huchungulia foleni za wenzake na kuchukua. Uzi unapoamka hutafutiwa kiini kilicho huru, kwanza kile ulichokuwapo au kinachogawana nacho kache. Zaidi ya hayo kuna ukaguzi wa mara kwa mara unaolinganisha mizigo, ambao kadiri ngazi ya ramani inavyopanda ndivyo unavyofanyika kwa nadra.

Sababu ya kusita ni kache. Uzi uliokuwa ukifanya kazi kwenye kiini fulani umeacha data zake karibu na kiini hicho. Kuzisoma kutoka kache ya ngazi ya kwanza huchukua takriban nanosekunde 1, na kuzifuata kwenye kumbukumbu kuu huchukua takriban nanosekunde 100. Kuhamisha uzi chenyewe ni kitendo chepesi. Uzito uko kwenye data zinazopaswa kuufuata. Ndiyo maana Linux ina kizingiti, ambacho kwa kawaida ni milisekunde 0.5, na uzi uliotekelezwa ndani ya muda huo huhesabiwa kuwa bado una joto la kache yake na haupendelewi kuhamishwa. Kwa hiyo ukiona kiini kimoja kimekaa bure kwa kitambo kifupi huku kingine kina wawili, usiharakishe kukiita kiratibu kijinga: huenda kimepima kwamba kusubiri kuna nafuu kuliko kuhama.

Hatua ya 5: Pima kusubiri

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Asilimia ya matumizi hukuambia uzi umetumia kiasi gani. Haisemi ulitaka kiasi gani. Faili ifuatayo inasema:

cat /proc/PID/task/TID/schedstat

Utaona namba tatu. Ya kwanza ni nanosekunde ambazo uzi umekuwa kwenye kiini, ya pili ni nanosekunde ambazo ulikuwa tayari lakini ukasubiri kwenye foleni, na ya tatu ni idadi ya zamu ulizopata. Isome mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi, kisha utoe namba za awali kwenye namba za baadaye.

Ikiwa namba ya kwanza imeongezeka kwa karibu bilioni 10, uzi huo umejaza kiini chake muda wote. Viini vya ziada haviwezi kuusaidia. Dawa ni kuigawa kazi yenyewe katika nyuzi zaidi, na hata hapo sehemu isiyogawanyika huweka kikomo. Kwa kanuni ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967, kazi ambayo asilimia 10 yake haigawanyiki itaharakishwa mara 4.7 tu kwenye viini 8. Ikiwa namba ya pili ndiyo inayopanda kwa kasi, uzi unanyimwa zamu, na hapo ndipo vifaa vya hatua ya 6 vinapokuwa na maana. Ikiwa zote mbili zimekaa palepale, uzi umelala: unasubiri diski, mtandao, au kufuli lililoshikwa na uzi mwingine, na kiratibu hakihusiki hata kidogo.

Ongeza kipimo kimoja:

grep ctxt /proc/PID/task/TID/status

Mstari wa voluntary huhesabu mara ambazo uzi uliachia kiini wenyewe ili usubiri kitu, na wa nonvoluntary mara ambazo ulinyang'anywa. Kunyang'anywa kwingi ni dalili ya foleni iliyojaa. Wastani wa mzigo unaoonyeshwa na uptime utumie kwa tahadhari, kwa kuwa Linux huhesabu humo hata nyuzi zenye hali ya D, na diski iliyokwama inaweza kupandisha wastani huo hadi kwenye makumi huku viini vikiwa vitupu.

Hatua ya 6: Chagua kifaa kulingana na kipimo

Ikiwa kazi za nyuma, kama kubana mafaili au kunakili akiba, ndizo zinazowanyima wengine zamu, anza na nice. Inapotosha, usiende mbali zaidi. Uzuri wake ni kwamba haipotezi uwezo wowote: kusipokuwa na mshindani, mchakato wenye nice 19 hupata kiini kizima.

Kufunga nyuzi kwenye viini kwa taskset ni uamuzi mzito zaidi. Kunafaa pale ambapo uzi mmoja unategemea sana kache na unahamishwa mara kwa mara, au pale unapotaka kutenga viini kwa ajili ya kazi isiyovumilia usumbufu. Kumbuka herufi a:

taskset -acp 2,3 PID

Bila hiyo utafunga uzi mkuu peke yake na nyingine zilizokwishazaliwa zitabaki huru, kosa linalofanywa mara nyingi mno. Kumbuka pia kwamba kufunga kunakizuia kiratibu kuokoa hali: viini vyako viwili vikizidiwa, uzi utasubiri humo hata kama vingine sita havina kazi. Na kuufunga uzi hakuwafukuzi wengine kwenye kiini hicho.

Kwa kugawa muda kati ya makundi ya michakato, tumia vikundi vya kerneli, yaani cgroup. Faili ya cpu.weight hutoa uzito wa kundi, na kama nice, hauna madhara pasipo ushindani. Faili ya cpu.max ni jambo tofauti, kwa sababu huweka kikomo kisichovukwa hata viini vikiwa vitupu. Niliwahi kuhangaika siku mbili na huduma iliyokuwa ikijibu haraka, kisha ikaganda kwa muda mfupi, kisha ikajibu tena, ilhali wastani wa matumizi yake ulikuwa wa chini kabisa. Kikomo chake kilikuwa hiki:

200000 100000

Maana yake ni mikrosekunde 200,000 za kichakataji kwa kila kipindi cha mikrosekunde 100,000, yaani sawa na viini viwili. Programu ilihesabu viini vya kompyuta nzima ikaanzisha nyuzi 8. Nyuzi 8 zikifanya kazi kwa pamoja humaliza milisekunde 200 za mgao ndani ya milisekunde 25, kisha zote husimamishwa kwa milisekunde 75 zinazobaki. Nilipopunguza nyuzi hadi 2, mgando uliisha. Faili ya cpu.stat ya kundi ingenionyesha hilo mapema, kwani mstari wa nr_throttled huhesabu vipindi ambavyo kundi lilizuiwa. Namba hiyo ikiwa inapanda, usitafute mchawi kwingine.

Mwisho kuna sera za wakati halisi, zinazowekwa kwa chrt, zenye ngazi 1 hadi 99. Uzi wa sera ya FIFO huwapita wote wa kawaida na hauachi kiini mpaka ulale wenyewe au aje wa ngazi ya juu zaidi. Ni kwa ajili ya sauti, mitambo na kazi nyingine fupi zenye muda wa mwisho usiojadilika. Kwa muda mrefu Linux imekuwa na kinga ya kuziwekea sera hizo mpaka wa milisekunde 950 kwa kila sekunde, ili msimamizi aliyekosea apate upenyo wa kuingia na kurekebisha. Kwa programu ya kawaida inayochelewa, chrt si dawa.

Jambo moja dogo kuhusu vichakataji vyenye viini visivyolingana, ambavyo vilianza kuenea kwenye simu baada ya kampuni ya Arm kutangaza muundo wa big.LITTLE mwaka 2011 na ambavyo sasa vimo hata kwenye kompyuta za mezani. Humo asilimia 100 ya kiini kidogo si sawa na asilimia 100 ya kiini kikubwa, na tangu Linux 5.0 kiratibu kinaweza kuzingatia pia nishati ambayo kila kiini kitatumia, hasa kwenye vifaa vya Arm. Kabla ya kutumia taskset kwenye mashine kama hiyo, rudi kwenye lscpu -e na utazame safu ya MAXMHZ ikiwapo, usije ukaifungia kazi yako nzito kwenye viini vya kuokoa betri.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha soma tena schedstat kwa sekunde kumi zilezile. Ikiwa namba ya pili haikupungua, rudisha ulichobadilisha. Ili kuziachia tena nyuzi ulizozifunga zitumie viini vyote vya kompyuta ya CPU 8, andika taskset -acp 0-7 PID. Na kama michakato ya majaribio bado inakula viini vyako, iondoe:

pkill -x yes